UTANDO JUU YA MAJI: JINSI NYUTRONI ZINAVYOUPIMA USO WA KIOWEVU

Mvua inapokatika mjini, aghalabu huonekana juu ya vidimbwi vya barabarani rangi za upinde wa mvua zikichezacheza. Rangi hizo hutokana na mafuta ya magari yaliyotandaa juu ya maji, nazo huonekana kwa sababu unene wa utando wa mafuta hukaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga, yaani kati ya nanometa 400 na 700. (Nanometa moja ni sehemu moja ya milimeta iliyogawanywa mara milioni.) Utando ukizidi kuwa mwembamba rangi hufifia, na mwishowe mtazamaji husema kwamba mafuta yamekwisha. Lakini zipo dutu, hasa za jamii ya sabuni na za jamii ya mafuta ya zeituni, ambazo huweza kubaki juu ya maji zikiwa na unene wa molekuli moja tu, na utando wa namna hiyo hauna rangi wala kivuli. Makala haya yanaeleza jinsi utando huo unavyopimwa kwa nyutroni, na kwa nini wanakemia waliona haja ya kwenda mbali kiasi hicho, hata kwenye tanuri za kinyuklia, ili kujua jambo linalotokea kila siku katika karai la kufulia.

Kiswahili hakina upungufu mkubwa wa maneno katika somo hili. Neno utando hutumika kwa ngozi nyembamba inayojikusanya juu ya maziwa yaliyochemshwa au juu ya uji unaopoa, na hutumika pia kwa nyumba ya buibui. Maana zote hizo zina wazo la kitu chembamba kilichotanda, nalo ndilo wazo linalotakiwa hapa. Neno linaloleta taabu ni uso. Katika usemi wa kawaida uso wa maji ni mpaka tu: huku hewa, huku maji, na baina yao hapana kitu. Kwa mwanafizikia uso una unene wake. Hata maji safi kabisa, yaliyotulia katika chombo kisichotikisika, yana uso unaotetemeka daima kwa viwimbi vidogo vinavyozaliwa na joto, hata mpaka wenyewe ukawa na ukwaruzo wa kiasi cha nanometa 0.3. Yafaa basi msomaji akubali tangu mwanzo kwamba uso utakaozungumzwa ni tabaka, na si mstari.

Habari ya utando wa molekuli moja ni ya zamani kuliko habari ya nyutroni. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alichapisha taarifa ya jinsi alivyomimina mafuta yasiyozidi kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, karibu na London, akaona mafuta hayo yakienea hata yakatuliza mawimbi ya eneo la nusu ekari hivi. Tukichukua kijiko kuwa mililita 5 na nusu ekari kuwa meta za mraba 2,000, unene wa utando ule unakuwa nanometa 2.5. Franklin mwenyewe hakuifanya hesabu hiyo, ijapokuwa ni ya kugawanya tu. Katika siku zake hapakuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba jibu lake lingekuwa ukubwa wa molekuli. Lord Rayleigh aliupima unene wa utando wa mafuta ya zeituni mwaka 1890, na mwaka uliofuata alisaidia kuchapishwa kwa barua ya mwanamke Mjerumani, Agnes Pockels, ambaye hakuwa amesoma chuo kikuu chochote. Pockels alikuwa amefanya majaribio yake nyumbani kwa chombo kipana cha bati kilichojazwa maji pomoni, chenye ukanda wa bati uliosogezwa juu ya maji ili kuusukuma na kuubana utando. Mmarekani Irving Langmuir alikiboresha chombo hicho, akachapisha kazi yake kubwa mwaka 1917, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Mwaka huohuo wa 1932, huko Cambridge, James Chadwick aliigundua nyutroni. Hapana aliyeona wakati huo kwamba mambo hayo mawili yangekutana.

Mpaka hapo ugumu ulikuwa bado mdogo. Mafuta yasiyoyeyuka hukaa juu ya maji, na anayejua kiasi alichodondosha na eneo lililofunikwa anaweza kupata unene wa wastani. Sabuni ni shida nyingine. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji. Ikitiwa majini, baadhi ya molekuli huzama na kuyeyuka, na baadhi hubaki juu, mikia ikielekea hewani. Ni ngapi zilizobaki juu? Kupima kiasi kilichotiwa hakusaidii, maana sehemu kubwa imekwenda chini. Mmarekani Josiah Willard Gibbs, katika miaka ya 1870, alitoa kanuni inayoruhusu jambo hilo likadiriwe kwa kuangalia jinsi mvutano wa uso unavyopungua kadiri sabuni inavyoongezwa. Kanuni hiyo ni sahihi, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo. Lakini humhukumu mtu kwa usafi wa dutu yake.

Mfano ulio mashuhuri ni wa sodiamu dodesili salfeti, dutu inayotiwa katika dawa nyingi za meno na sabuni za nywele. Mara nyingi dutu hii huwa na kiasi kidogo cha dodekanoli, ambayo ni alkoholi iliyobaki wakati wa utengenezaji. Na hata ikisafishwa, ikikaa majini huvunjika polepole ikaizaa upya alkoholi hiyohiyo. Dodekanoli hupenda kukaa juu ya maji kuliko dodesili salfeti yenyewe, kwa hiyo kiasi kisichofaa hata kutajwa katika chupa huwa kingi sana usoni. Mvutano wa uso hushuka isivyotazamiwa, kisha sabuni ikiongezwa hupanda tena, na mchoro wa mvutano ukawa na shimo. Anayeitumia kanuni ya Gibbs juu ya mchoro huo bila ya kujua kisa chake atapata hesabu ya molekuli zisizokuwapo. Kosa lenyewe si la hesabu. Mvutano wa uso ni namba moja tu, nayo haiwezi kusema ni nani aliye juu ya maji, dodesili salfeti au dodekanoli. Hapo ndipo haja ya chombo kingine ilipozaliwa: chombo kitakachohesabu molekuli zilizopo usoni moja kwa moja, na kuzitofautisha zile zinazofanana.

Mwanga wa kawaida haufai sana kwa kazi hii, kwa kuwa wimbi la nanometa 500 ni refu mno kuliko utando wa nanometa 2. Miale ya eksirei ina mawimbi mafupi ya kutosha, na hutumika kwa mafanikio. Lakini eksirei huona elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu, kwa hiyo karibu haionekani. Nyutroni ni chembe isiyo na chaji, lakini kama chembe zote ina tabia ya wimbi pia, na urefu wa wimbi lake hutegemea mwendo wake. Nyutroni inayokwenda meta 2,200 kwa sekunde ina wimbi la nanometa 0.18, ikipunguzwa mwendo hadi meta 396 kwa sekunde, wimbi lake hufikia nanometa 1. Mwendo wa pili huo si wa ajabu. Risasi nyingi huenda kasi kuliko hapo.

Enrico Fermi na Walter Zinn walionyesha mwaka 1946 kwamba nyutroni zikiupiga uso laini kwa pembe ndogo sana huakisiwa kama mwanga katika kioo. Sababu yake inafanana na ile ya mwanga, ila mambo yamepinduliwa. Mwanga huakisiwa wote unapotoka majini kwenda hewani. Nyutroni, kwa dutu nyingi, huakisiwa zote zinapotoka hewani kwenda ndani ya dutu. Fahirisi ya mpindo wa nyutroni katika dutu nyingi ni pungufu ya 1, lakini kwa kiasi kidogo mno: katika maji mazito, kwa wimbi la nanometa 1, upungufu huo ni sehemu moja katika 10,000. Ndiyo sababu pembe inayotakiwa ni ndogo. Chini ya digrii 0.8 hivi, uso wa maji mazito ni kioo kamili kwa nyutroni hizo. Pembe ikizidi hapo, nyutroni huanza kupenya, na zinazoakisiwa hupungua kwa haraka sana. Pembe inapozidi kuwa kubwa, kuiongeza mara mbili hupunguza uakisi mara 16.

Maji mazito yametajwa, na hapana budi yaelezwe, kwani ndiyo ufunguo wa mbinu yote. Kiini cha haidrojeni ya kawaida ni protoni moja. Ipo haidrojeni ya pili, iitwayo deuteri, ambayo kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja. Kwa mkemia hizi mbili ni karibu kitu kimoja: maji yaliyofanywa kwa deuteri huonekana kama maji mengine. Kwa nyutroni, hata hivyo, ni vitu viwili vilivyo mbali. Kila kiini kina kipimo cha jinsi kinavyoyatawanya mawimbi ya nyutroni, ambacho huitwa urefu wa mtawanyo. Cha deuteri ni femtometa 6.67, cha kaboni 6.65, cha oksijeni 5.80. Cha haidrojeni ya kawaida ni 3.74, lakini kwa alama ya kutoa. Maana ya alama hiyo ni kwamba wimbi linalotoka katika haidrojeni hutoka limepinduliwa, kilele mahali pa bonde. Hapana kanuni nyepesi inayotabiri namba hizi kwa kuangalia mpangilio wa elementi; zimepimwa, zikaandikwa, basi.

Matokeo yake ni haya. Katika maji ya kawaida, haidrojeni mbili hulemea oksijeni moja, na jumla ikawa chini ya sifuri kidogo; maji hayo hayawi kioo kamili kwa nyutroni kwa pembe yoyote. Katika maji mazito jumla ni kubwa na iko juu ya sifuri. Baina ya hayo mawili pana mchanganyiko ambao jumla yake ni sifuri barabara: maji ya kawaida yenye asilimia 8 hivi ya maji mazito. Kwa nyutroni mchanganyiko huo hauna tofauti na hewa. Nyutroni hupita kutoka hewani hadi majini bila ya kujua kwamba zimevuka mpaka wowote.

Hapo mjaribu huwa amepata alichokitafuta. Akiweka juu ya maji hayo utando wa sabuni ambayo haidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri, basi kila nyutroni itakayoakisiwa itakuwa imeakisiwa na utando peke yake, kama kwamba utando umening'inia hewani bila ya kushikwa na kitu. Kutokana na mchoro wa uakisi hupatikana unene wa utando na msongamano wake wa mtawanyo. Namba hizi mbili, kila moja peke yake, zina shaka kidogo, kwa kuwa mtu anaweza kukisia utando mnene ulio hafifu au mwembamba uliosongamana. Lakini zikizidishwa, shaka ya moja huifuta ya nyingine, na kinachobaki ni idadi ya molekuli katika kila eneo. Hesabu hii haiulizi habari za mvutano wa uso hata kidogo. Kwa sabuni za kawaida zenye mkia mmoja, maji yakiwa yameshiba sabuni, kila molekuli hukalia eneo la karibu nusu ya nanometa ya mraba.

Na lile fumbo la dodekanoli? Liliingiliwa kwa hila hiyohiyo. Mara ya kwanza dodesili salfeti hutengenezwa kwa deuteri na dodekanoli ikaachwa ya kawaida, ili ya kwanza ionekane na ya pili isionekane. Mara ya pili hufanywa kinyume. Maadamu kemia ya michanganyiko yote miwili ni moja, tofauti ya uakisi huonyesha ni kiasi gani cha kila moja kilichoko juu. Ilidhihirika kwamba alkoholi, ambayo majini ni kidogo mno, huchukua sehemu kubwa ya uso mahali palepale pa shimo la mchoro, kisha sabuni inapoongezwa na kuanza kujikusanya majini katika vifundo, alkoholi hung'olewa usoni na kuingia ndani ya vifundo hivyo. Wanakemia walikuwa wamekisia hivyo kwa muda mrefu. Ila kukisia na kuhesabu si jambo moja.

Kazi yenyewe, jinsi inavyofanyika, ina ugumu wake. Kitu kigumu kikitakiwa kipigwe kwa pembe fulani, hugeuzwa, maji hayainamishwi. Kwa hiyo ni mwali wa nyutroni unaolazimika kuteremka. Katika chombo kilichoitwa CRISP, kilichojengwa katika miaka ya 1980 kwenye kituo cha ISIS nchini Uingereza, mwali ulifanywa ushuke kwa digrii 1.5 kutoka mlalo, na pembe ndogo zaidi zikapatikana kwa kuuakisi kwanza juu ya kioo. Maji huwekwa katika chombo cha jamii ya kile cha Pockels, juu ya meza inayozuia mitikisiko, kwani mtu anayepita kwa miguu aweza kuutibua uso. Chombo hufunikwa, na si kwa ajili ya vumbi peke yake. Maji mazito huvuta unyevu wa hewa na kubadilishana haidrojeni nao, hata baada ya muda yakawa si mazito kama yalivyodhaniwa, na hesabu yote ikapotoka.

Kituo cha ISIS, kilichotoa nyutroni zake za kwanza Desemba 1984, hakitumii tanuri. Protoni hurushwa kwa kasi kubwa juu ya shabaha ya metali nzito, na nyutroni hutoka kwa vishindo, vishindo vingi katika kila sekunde. Jambo hili lina faida ya pekee. Nyutroni za mawimbi tofauti huondoka pamoja lakini hazifiki pamoja: katika umbali wa meta 10, nyutroni ya wimbi la nanometa 0.2 hutumia milisekunde 5, na ya nanometa 1 hutumia milisekunde 25. Kigunduzi kikiandika saa ya kufika, kimejua wimbi. Mchoro mzima wa uakisi hupatikana bila ya kuigeuza pembe kila mara, jambo ambalo kwa kiowevu ni nafuu kubwa. Huko Grenoble, Ufaransa, katika Taasisi ya Laue-Langevin ambayo tanuri yake iliwashwa mwaka 1971, nyutroni hutoka mfululizo, na vishindo hufanywa kwa sahani zinazozunguka na kuukata mwali.

Mwanzo wa mbinu hii kama chombo cha kemia ya nyuso huwekwa kwenye makala ya mwaka 1981 ya John Hayter, Robert Thomas, Jeffrey Penfold na wenzao. Sifa zilizotolewa tangu hapo ni za haki, lakini yapo mambo mawili ambayo maelezo mepesi huyapita, nayo yastahili kukaziwa.

La kwanza ni kwamba kigunduzi huhesabu nyutroni tu. Hakiandiki kama wimbi lilifika likiwa katika kilele au katika bonde, na nusu ya habari hupotea hapo. Kwa sababu hiyo sura ya utando haisomwi katika mchoro. Hubuniwa kwanza, mchoro wake ukahesabiwa, kisha ukalinganishwa na uliopimwa. Sura mbili zisizofanana huweza kutoa mchoro mmoja. Mfano ulio wazi kuliko yote ni huu: juu ya yale maji yasiyoonekana, utando na utando huohuo uliopinduliwa juu chini huakisi sawasawa kabisa. Nyutroni haziwezi kusema kama kichwa kimeelekea majini au hewani! Ndipo hulazimika jaribio lirudiwe juu ya maji mazito, yanayoonekana, na mara ya tatu huku kichwa peke yake au mkia peke yake ukiwa wa deuteri. Sura inayokubaliana na michoro yote kwa pamoja ndiyo inayoaminiwa. Kwa njia hii ilionekana kwamba mikia ya sabuni haisimami wima kama mibuyu au minazi, jinsi inavyochorwa vitabuni. Tabaka la mikia ni fupi kuliko urefu wa mkia ulionyoshwa, kwani mikia huinama na kupindapinda, na vichwa navyo havikai katika safu moja.

La pili ni wembamba wenyewe. Utando wenye unene wa nanometa 50, kama plastiki iliyopakwa juu ya kioo, hutoa mchoro wenye mawimbi ya kupanda na kushuka, na nafasi baina ya vilele huutaja unene bila ya taabu. Heinz Kiessig aliyaona mawimbi hayo kwa eksirei mwaka 1931. Kadiri utando unavyopungua unene, vilele hutengana zaidi. Kwa utando wa nanometa 2 kilele kinachofuata huangukia mahali ambapo nyutroni zinazoakisiwa ni chache, pengine moja katika milioni, na haidrojeni ya maji huzitawanya nyingine ovyo hata zikakifunika kilele. Mjaribu huachiwa mteremko tu, bila ya vilele. Kwa hiyo yule asemaye kwamba nyutroni huupima utando wa molekuli moja hadi sehemu ya kumi ya nanometa amesema kweli iwapo tu ametumia michanganyiko mitatu au minne. Kwa mmoja, amesema zaidi ya anachokijua.

Uwezo mwingine wa nyutroni ni kupenya. Mwali unaweza kuingia ubavuni mwa donge la silikoni la sentimeta kadhaa, ukaakisiwa chini yake mahali silikoni inapogusana na maji, ukatoka ubavu wa pili. Hivyo huchunguzwa tabaka mbili za mafuta zinazoiga ngozi ya chembe hai, zenye unene wa nanometa 4 au 5, zikiwa zimelazwa juu ya silikoni na kuzungukwa na maji kama zilivyo mwilini. Eksirei dhaifu zingemezwa njiani, na zenye nguvu huelekea kuiharibu dutu yenyewe.

Bei ya haya yote ni nyutroni. Haziwezi kununuliwa dukani wala kuzalishwa katika maabara ya chuo, na vyanzo vyake barani Ulaya vimekuwa vikipungua: katika mwaka 2019 peke yake zilizimwa tanuri ya Orphée huko Saclay na ile ya BER II huko Berlin. Chanzo kipya kinajengwa Lund, Uswidi. Kwa sasa mtafiti huandika ombi, husubiri miezi, na akikubaliwa hupewa siku mbili au tatu, mchana na usiku, ambamo huwa na chupa zake ndogo za sabuni ya deuteri, ghali na zilizosafishwa mara nyingi, na chombo kilichojaa maji pomoni ambacho, kikiguswa kwa kidole kimoja kisichooshwa, lazima kimwagwe na kujazwa upya.